Filamu Tatu za Baiskeli: Ipi Uanze Kuionesha Nyumbani

Kati ya Januari na Aprili mwaka huu nimeonesha filamu tatu sebuleni kwetu Uyole, kila moja kwa Jumamosi yake, na zote tatu zimejengwa juu ya kitu ambacho sisi tuliozaliwa Kyela tunakifahamu kuliko gari, nacho ni baiskeli. Ya kwanza ni The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambayo kisa chake kilitokea Malawi, nchi inayoanzia ng'ambo ya Mto Songwe. Ya pili ni Wadjda ya mwaka 2012, kazi ya Haifaa al-Mansour wa Saudia. Ya tatu ina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu: ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ambayo Mwitalia Vittorio De Sica aliitoa mwaka 1948. Watu kadhaa waliosikia habari za Jumamosi hizo wameniuliza waanze na ipi, kwa kuwa si kila nyumba ina nafasi, umeme wa kutegemewa na kifurushi cha intaneti cha kutosha filamu zote tatu. Nitajibu kadiri nilivyoona, na nitalazimika kugusa miisho, kwa sababu tofauti kubwa kati ya filamu hizi imo katika namna zinavyomalizika.

Kwanza nieleze ninavyozipima. Baba yetu alikuwa na baiskeli moja nyeusi yenye karia pana ya chuma, na kila jioni aliifungua dinamo yake na kuilaza chini ya kitanda. Baiskeli yenyewe ililala barazani ikiwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli, lakini dinamo ni kitu kinachoingia mfukoni. Baiskeli hiyo ilipeleka mpunga mashineni, ikapeleka kakao kwa wanunuzi, ikampeleka mama zahanati. Mwaka nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, baba aliiweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja wa mpunga ili ada ipatikane, na kwa misimu miwili akawa anakwenda shambani kwa miguu, akitoka kabla hatujaamka. Hakutueleza neno. Tuliona tu kwamba ukuta wa baraza umebaki mtupu. Kwa hiyo filamu yoyote ya baiskeli naiuliza swali moja: katika nyumba hii, nani ametoa nini, na mwongozaji amekionesha vipi kitendo hicho cha kutoa?

Filamu zote tatu zina jibu, na majibu yake yanatofautiana kwa namna inayosaidia sana kuchagua. Katika filamu ya Malawi, baba anaitoa baiskeli yake ikatwe ili mwanawe atengeneze kinu cha upepo. Katika ile ya Saudia, mama anatoa fedha ambazo zingenunua gauni jekundu alilolitamani, akamnunulia binti yake baiskeli ya kijani. Katika ile ya Italia, mama anavua mashuka ya vitanda vya nyumba yake na kuyaweka rehani, ili baiskeli ya mumewe iliyokuwa rehani itolewe.

Nianze na ya Malawi, kwa kuwa ndiyo wengi watakayoikimbilia, nasi tulianza nayo. William Kamkwamba ni mtu halisi, na kitabu alichokiandika pamoja na Bryan Mealer kilitoka mwaka 2009. Alikuwa na miaka 14 wakati njaa ya 2001 na 2002 ilipoikumba Malawi, akaondolewa sekondari kwa kukosa ada, akawa anaingia maktaba ndogo ya shule na kusoma vitabu vya sayansi hadi akaelewa jinsi upepo unavyoweza kuzalisha umeme. Tuliitazama mwezi Januari, wakati mahindi bado mabichi shambani na magunia ya ndani yamelegea, na naamini hakuna mwezi mwingine ambao ingetugusa hivyo. Kaka yangu, ambaye ni mkulima wa viazi, hakuhitaji kuelezwa kwa nini watu wa kijiji wanagombania foleni ya nafaka, wala kwa nini kuuzwa kwa akiba ya chakula ya taifa ni habari ya kufa na kupona. Wahusika wanazungumza Kichewa na Kiingereza kwa kuchanganya, na katika Kichewa chao masikio yetu yaliokota maneno mengi bila msaada: njala ni njaa, madzi ni maji, mphepo ni upepo. Baada ya nusu saa mama alikuwa anatangulia kuyasema kabla sijayatafsiri.

Sehemu yake bora ni ile ya baba na baiskeli. Trywell, ambaye Ejiofor mwenyewe anamwigiza, kwanza anakataa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki, kwa sababu mtu aliyepoteza mazao, akiba na heshima yake mbele ya familia anaombwa atoe kitu cha mwisho kinachomfanya ajione bado ni mwenye nyumba. Mwanawe anamwambia habari za kitabu, naye anasikia habari za kuvunjiwa baiskeli. Hapo Ejiofor anaigiza kwa uso na mabega zaidi kuliko kwa maneno, na Aïssa Maïga, anayemwigiza mama aitwaye Agnes, anabeba sehemu ya kumrudisha baba kwenye kukubali. Baba anapokubali hatimaye, haitoi baiskeli kwa furaha. Anaitoa kama mtu anayekabidhi mwili. Nilimkumbuka baba yangu wakati huo, na sioni haya kusema kwamba nilitoka nje kidogo.

Lakini nina malalamiko mawili juu ya filamu hiyo, na ndiyo yanayonifanya nisiiweke mbele. La kwanza ni kwamba inaeleza mno. Jambo likishaoneshwa kwa picha, mtu anakuja kulisema tena kwa maneno, na muziki unakuja kulisema mara ya tatu. La pili ni zito zaidi. Kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa nyumbani kwao, na kazi ya kuvuta maji ya kumwagilia ilikuja baadaye. Filamu imeupanga mwisho wake ili kinu kivute maji, mazao yaote katikati ya ukame na kijiji kiokoke. Naelewa kwa nini imefanywa hivyo, kwa maana watazamaji wanataka njaa iliyoanza ijibiwe ndani ya filamu hiyohiyo. Hata hivyo, kwangu mimi niliyekulia nyumba ya kibatari, mtoto kuwasha balbu moja ndani ya nyumba ya udongo, kwa dinamo ya baiskeli ya mwalimu wake, lilikuwa ni jambo linalotosha kabisa kubeba mwisho wa filamu. Dinamo ile ile ambayo baba aliilaza chini ya kitanda! Mama hakukubaliana nami hata kidogo. Alisema mtu mwenye njaa haangalii taa, na kwamba ukitengeneza filamu ya njaa ukamaliza kwa balbu umemwacha mtazamaji na njaa yake. Naandika maoni yake hapa kwa sababu msomaji anayechagua kwa ajili ya wazee wa nyumbani anapaswa kuyazingatia kuliko yangu.

Wadjda inasafiri njia nyingine kabisa. Msichana wa miaka kama 10 hivi mjini Riyadh anaona baiskeli ya kijani na kuitaka, bei yake ni riyali 800, na njia pekee anayoiona ya kupata fedha ni kushinda mashindano ya kusoma Kurani shuleni, ambayo zawadi yake ni riyali 1,000. Hakuna njaa, hakuna mafuriko, hakuna mtu anayepigwa. Namna anavyoiona baiskeli hiyo kwa mara ya kwanza ni mojawapo ya picha zilizonikaa sana mwaka huu: iko juu ya gari la mizigo linalopita nyuma ya ukuta, na kwa kuwa gari limefichwa na ukuta, baiskeli inaonekana kama inaelea yenyewe juu ya tofali, nayo inamvuta akimbie kuifuata. Mpwa wangu, aliye darasa la tano, aliomba nirudishe nyuma aione tena, na tukairudisha.

Nguvu ya filamu hiyo ni kwamba haina adui mmoja wa kuchukiwa. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, kwani amekatazwa na nani?" Nikashindwa kumtajia mtu. Mama wa Wadjda anampenda binti yake kwa dhati, na ndiye huyohuyo anayemwambia kwamba msichana anayepanda baiskeli hatazaa. Mkuu wa shule ni mkali, lakini filamu inatuachia dalili kwamba naye aliwahi kuwa msichana kama huyu. Baba ni mtu mchangamfu anayecheza na mwanawe, na papo hapo anajiandaa kuoa mke wa pili kwa kuwa hana mtoto wa kiume. Ukutani kuna mchoro wa ukoo wake wenye majina ya wanaume peke yao. Wadjda anaandika jina lake kwenye kipande cha karatasi na kukibana hapo chini ya jina la baba yake, na baadaye anakikuta kimeondolewa. Hakuna anayelisemea jambo hilo. Kamera inatuonesha karatasi, kisha inatuonesha uso wa mtoto, na yaliyobaki tunayajua wenyewe.

Hapo ndipo mama yangu alipotueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Alisema katika miaka yote ambayo baba alikuwa na baiskeli, yeye aliijua karia tu, akikaa upande na kanga imekazwa magotini, na kwamba kijijini kwao msichana aliyeonekana ameshika usukani alisemwa. "Nilibebwa tu," alisema. Mpwa wangu akamtazama bibi yake kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama filamu. Siwezi kumhakikishia msomaji kwamba nyumbani kwake yatatokea mazungumzo kama hayo, lakini nathubutu kusema kuwa katika filamu hizi tatu, Wadjda ndiyo inayoyakaribisha zaidi.

Kitendo cha kutoa, ambacho ndicho kipimo changu, kinakuja mwishoni. Wadjda anashinda mashindano, anaulizwa atafanyia nini fedha hizo, anajibu kwa ukweli kwamba atanunua baiskeli, na fedha zinaelekezwa kwenye msaada kwa Wapalestina bila ridhaa yake. Usiku huo baba anaoa. Mama amekata nywele zake ndefu ambazo mumewe alizipenda, na binti anapomshauri wakanunue gauni jekundu ili wamrudishe baba, anaambiwa kwamba fedha zimekwisha kwenda, na baiskeli iko pale. Hakuna hotuba. Ni upande huu ambao Wadjda inaishinda filamu ya Malawi, kwa sababu mama wa Riyadh anatoa bila kueleza, kama baba yangu alivyotoa bila kueleza.

Namna filamu hiyo ilivyotengenezwa ni sehemu ya thamani yake. Ni filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudia, na ya kwanza ya aina hiyo kuongozwa na mwanamke wa nchi hiyo, kwa ushirikiano na kampuni ya Ujerumani. Kwenye mitaa ambako mwanamke kuonekana akiwaamuru wanaume kungezua rabsha, al-Mansour alikaa ndani ya gari na kuwaongoza waigizaji wake kwa redio za mawasiliano huku akiwatazama kwenye skrini. Wakati ule hapakuwa na majumba ya sinema nchini mwake. Yalifunguliwa tena mwaka 2018. Mwalimu mstaafu ambaye ni jirani yetu alisema baada ya kusikia hayo kwamba sasa ameelewa kwa nini filamu imejaa madirisha, milango na mapazia. Mimi sikuwa nimeyaona mpaka aliposema.

Sasa nije kwenye ile ya De Sica, ambayo ndiyo ninayoiweka mbele ya nyingine zote mbili, na nitakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo ambayo watu huniambia hawataiweza. Wanasema ni ya zamani, haina rangi, ni ya Kiitaliano. Yote ni kweli. Ni filamu ya dakika 89, fupi kuliko Wadjda kwa dakika 9 na fupi kuliko ile ya Malawi kwa dakika 24, na sikumbuki mtu yeyote sebuleni aliyeinuka kabla haijaisha.

Kisa chake mtu anaweza kukisimulia akiwa amesimama kituoni anasubiri daladala. Antonio Ricci amekaa bila kazi muda mrefu katika Roma ya baada ya vita. Anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Siku ya kwanza kazini, akiwa juu ya ngazi anabandika tangazo lenye picha ya Rita Hayworth, baiskeli inaibwa. Yeye na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji kuitafuta. Hicho ndicho kisa chote.

Lakini tazama jinsi mashuka yanavyotolewa. Maria, mkewe, hakai chini kulia. Anaanza kuvua mashuka kitandani kwa nguvu kama mtu anayefanya usafi, anasema watu wanaweza kulala bila mashuka, anayafua na kuyafunga. Kwenye duka la rehani yanapimwa, yanapewa bei, kisha karani anabeba furushi na kuanza kupanda rafu, anapanda, anapanda tena, na kamera inamfuata hadi tunaona kwamba ukuta mzima hadi darini umejaa mafurushi ya mashuka ya familia nyingine. Haichukui hata dakika moja. Hakuna mtu anayesema kwamba Roma nzima imelala bila mashuka. Mama yangu aliguna, akasema, "Kumbe ni wote." Sijaona katika filamu nyingine yoyote kitendo cha kutoa kikioneshwa kwa ufupi na kwa upana namna hiyo, na ni hapo ilipozipita zile mbili.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho huwa nakitaja kila ninapoombwa ushauri. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi, Bruno anaifuta baiskeli iliyotoka rehani, sehemu baada ya sehemu, na anagundua kuwa imepata kibonyeo ambacho hakikuwepo. Anamlalamikia baba yake kwamba angewaambia wale watu wa rehani. Mtoto wa umri ule anaijua baiskeli ya baba yake kiasi cha kujua kila alama yake! Mtu aliyekulia nyumba yenye baiskeli moja anaelewa mara moja. Nami ningeweza hadi leo kukueleza ni spoki ipi ya gurudumu la nyuma ambayo baba aliifunga kwa waya.

Wakati wa kuitafuta, rafiki wa Antonio anagawa kazi kwa njia ambayo kaka yangu, ambaye aliwahi kuibiwa baiskeli mnadani, aliitikia kwa kichwa: huyu aangalie fremu, huyu aangalie matairi, na mtoto aangalie pampu na kengele. Baiskeli iliyoibwa haitafutwi ikiwa nzima, kwa sababu saa moja baadaye si nzima tena. De Sica aliwajua watu wake, na hata waigizaji wake aliwatoa miongoni mwao. Lamberto Maggiorani, aliyecheza Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na Enzo Staiola, aliyecheza Bruno, aliokotwa katika kundi la watu waliosimama kutazama filamu ikipigwa. Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha iwapo baba angechezwa na nyota Cary Grant. De Sica akakataa, akatafuta fedha kwingine. Ukiutazama mwendo wa Maggiorani, jinsi mabega yanavyotangulia kuchoka kabla ya miguu, utaelewa kwa nini alikataa.

Na mwisho wake ndio unaonifanya niiweke juu. Mchana wa Jumapili, nje ya uwanja wa mpira, kuna baiskeli mamia kwa mamia zimeegeshwa, na moja imeegemezwa peke yake mlangoni kwenye barabara tulivu. Antonio anampa Bruno nauli atangulie nyumbani. Anaichukua ile baiskeli. Anakamatwa. Umati unamzonga, wanampiga makofi, kofia inaanguka, na Bruno, ambaye hakuipata gari ya kuondoka, anakuja mbio na kumshika baba yake suruali huku akilia. Sisi tunaijua kelele ya "mwizi!" na tunajua inakoweza kuishia. Sebuleni palikuwa kimya kabisa, na mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anasema aachiwe.

Jina lenyewe lina kazi hapo. Kwa Kiitaliano jina linasema wezi, si mwizi. Ilipopelekwa Marekani ilipewa jina la umoja, Mwizi wa Baiskeli, na wingi ule ukapotea, na pamoja nao ikapotea aibu yote ya baba kuhesabiwa katika jina la filamu. Kiswahili kinatupa wezi bila taabu yoyote, kwa hiyo yeyote atakayeitangaza kwa majirani zake namwomba alinde wingi huo.

Malawi inatupa baba anayepewa heshima yake tena kwa akili ya mwanawe, na Saudia inatupa binti anayepewa alichonyimwa. Italia haimpi mtu kitu. Baiskeli haipatikani, kazi imekwenda, na mashuka yamebaki darini kule. Kinachobaki ni mkono wa Bruno unaoingia ndani ya mkono wa baba yake katikati ya umati wanapoondoka. Kuna watu watakaosema huo si mwisho wa kumwonesha mtu aliyechoka na wiki yake, na nawaheshimu. Mimi naona ndio mwisho pekee kati ya mitatu ambao haukunidai niamini jambo lolote zaidi ya nililoliona.

Basi, kwa kuchagua. Nyumba yenye msichana wa kati ya miaka 8 na 15 ianze na Wadjda, na wanaume wa nyumba hiyo wakae hadi mwisho badala ya kuwaachia kina mama na watoto. Wanafunzi wa sekondari, hasa wa michepuo ya sayansi, na mkusanyiko mkubwa wa watu katika ukumbi wenye kelele, nawapa ile ya Malawi. Ndiyo inayostahimili kelele, kwa kuwa inasema kila kitu mara mbili, na kasoro niliyoilalamikia sebuleni inageuka kuwa msaada ukumbini. Watoto wadogo wasiione bila mtu mzima kando, kwa maana kuna chifu anayepigwa na kuna mbwa anayekufa njaa. Wazazi na watoto wao wakubwa, ndugu ambao hawajaketi pamoja muda mrefu, na mtu yeyote ambaye baba yake aliwahi kuweka kitu rehani kwa ajili yake, waanze na ile ya Italia. Msomaji mwenye Jumamosi moja tu kwa mwaka, namwambia vivyo hivyo: Wezi wa Baiskeli.

Ipo ya nne yenye baiskeli, Le gamin au vélo ya ndugu Jean-Pierre na Luc Dardenne wa Ubelgiji, ya mwaka 2011, ambamo baba ndiye anayeiuza baiskeli ya mwanawe. Nimeipenda sana, ila niliitazama nikiwa peke yangu, na ushauri huu ni wa filamu za kutazama na watu.

Limebaki suala la lugha, ambalo ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Nakala zote nilizopata zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na mama yangu hayasomi. Nilifanya kama walivyofanya akina Lufufu enzi za mikanda ya video, nikawa natafsiri kwa sauti, ingawa mimi nilijizuia nisiongeze maneno yangu. Katika Wadjda kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa mazungumzo ni mengi, yanakwenda mbio, na maana imo katika namna jambo linavyosemwa. Nashauri mtafsiri aitazame mara moja kabla ya watu kufika. Katika ile ya Malawi ni rahisi, kwa sababu niliyoyaeleza juu ya Kichewa. Katika ile ya Italia nilijiandaa kwa kazi kubwa, nikakuta haihitajiki.

Nililijua hilo kwa sababu ya mvua. Ilikuwa Aprili, na pale ambapo mvua inawanyeshea Antonio na Bruno katika soko la Porta Portese, na mtoto anateleza na kuanguka huku baba yake hata hajamwona, mvua yetu nayo ilianza juu ya bati, ile ya Uyole isiyoruhusu mtu kumsikia aliye kando yake. Nilipaza sauti kidogo, kisha nikaacha. Niliwatazama watu nikitegemea mmoja ataomba tusimamishe, lakini hakuna aliyeomba. Mvua ilipopungua, baba na mwana walikuwa wameshakaa kwenye meza ya mgahawa, Bruno anavuta jibini kwa meno huku akimtazama mtoto wa kitajiri wa meza ya pili, na mpwa wangu, ambaye kwa karibu nusu saa hakusikia neno hata moja la Kiitaliano wala la kwangu, alikuwa anamweleza bibi yake kwamba yule mtoto alipigwa kofi na baba yake bila kosa, na kwamba hicho chakula ni cha kuombana msamaha.